Sifa za Jaji Ndani ya Rufaa

Fundi cherehani alikuwa amelaza magongo yake sakafuni mwa basi, na rufaa ameipakata kama mtoto mchanga. Aliishitaki manispaa kwa sababu ofisi ya leseni iko ghorofa ya tatu, haina lifti, nao walimwambia apande ngazi kama wenzake. Hakuwa na wakili. Kesi aliiandika mwenyewe, na jaji akaitupa kwa kuwa hakutaja ni haki gani iliyovunjwa. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya kukata rufaa.

"Safari hii haki nimeitaja ukurasa wa kwanza," alimwambia mpishi wa hospitali aliyekaa naye, huku akichekacheka kama bibi harusi. "Soma, kaka."

Mpishi alisoma, akaangua kicheko. "Dada, 'Jaji ni mpole na mwenye busara'? Unakata rufaa au unatafuta mchumba?"

"Lakini ni mpole kweli! Aliagiza niletewe kiti. Namwombea kila siku."

"Mwombee, ila hapa futa. Watakuuliza, kama ana busara, umefuata nini huku?"

"Nimeandika chini yake: 'ila hapa amekosea.'"

"Futa!" wakasema abiria wa mbele.

"Acha, ni adabu!" wakajibu wa nyuma. Kondakta, ambaye hakuulizwa, alisema mama yake angeacha.

Basi likasimama mbele ya mahakama. Mpishi akamkabidhi kalamu. Fundi akashukuru sana, akaichomeka kwenye kilemba, akaokota magongo, akashuka na sifa za jaji zote.