Mwalimu Penseli na Fomu za Kuchagua Masomo

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa, shikamooni wakubwa zangu, poleni kwa safari na kwa jua hili. Kaka yangu ameniandikia karatasi mbili zilizopigwa chapa vizuri, akanisihi nisome kama zilivyo, nami nimejitahidi kumsikiliza, ila kuna mahali nimeongeza kwa mkono, mtanivumilia, sijalala vya kutosha tangu mwaka jana.

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Mei 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa nne wa fundi tanuru na mshona nguo. Alianza shule ya msingi mwaka 1957, akaendelea na sekondari mwaka 1964 hadi 1967, akitembea kilomita sita kwenda na sita kurudi, jambo ambalo mimi na kaka tulisimuliwa kila tulipolalamika kuhusu chochote, na mwaka 1971 akahitimu chuo cha ualimu, akibobea katika hisabati.

Aliajiriwa tarehe 3 Januari 1972, na mwaka 1981 akahamia shule ya sekondari iliyo karibu na maghala ya reli, akapewa kazi ya ushauri wa masomo pamoja na chumba ambacho zamani kilikuwa stoo ya vifaa vya michezo, chenye dirisha moja, benchi moja na harufu ya mipira iliyokataa kutoka hadi anastaafu. Ukutani alibandika masharti ya kujiunga na vyuo vya uhandisi, aliyonakili kwa mkono wake na kuyabadilisha kila mwaka, kwa sababu vyuo vile vikali havikuchoka kubadili mawazo. Kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua masomo mawili juu ya yale ya lazima, na utaratibu wa baba ulikuwa mmoja, unajaza fomu kwa penseli, unakaa nayo wiki nzima, unaisoma ukiwa na furaha na ukiwa na hasira, ndipo unarudi kuijaza kwa wino mbele yake. Wengi walifuta siku ya tatu, wengine walifuta mpaka karatasi ikatoboka, na hapo ndipo alipopata jina la Mwalimu Penseli.

Alifunga ndoa na mama yetu, muuguzi, tarehe 20 Desemba 1975, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu mwaka 1977 na mimi mwaka 1980, wakaishi kwa maelewano hadi mama alipotutoka mwaka 2011. Karatasi ya kaka inasema hapa kwamba baba aliwaongoza watoto wake kwa hekima, kisha inaruka hadi kustaafu. Mimi siwezi kuruka, kaka, nisamehe.

Siku ya Jumatatu, tarehe 5 Februari 1996, nilimpelekea baba fomu yangu kama wanafunzi wengine, nimeandika kwa penseli hisabati ya ziada na ufundi chuma, maana karakana ya shule ndiyo mahali pekee nilipojisikia nina akili. Baba alikuwa ametoka kwenye kikao alikoambiwa kwamba vyuo vikubwa vinahesabu masomo mazito tu, na kwamba karakana ni ya watoto walioshindwa, na kwa kuwa nilikuwa mwanawe, hakunipa hata siku moja ya kufikiri, alifuta ufundi chuma, akaandika kompyuta kwa wino, akapuliza ikauke. Nilifaulu yote, ndiyo, na tarehe 11 Agosti 1998 nikaitwa kwenye usaili wa chuo kilichochukua watu arobaini tu, ambapo watu watatu wapole waliniuliza nimewahi kutengeneza nini kwa mikono yangu, nikafikiri weee, nikasema sijawahi kutengeneza kitu. Barua ya kunikataa ilifika Septemba, baba akaisoma amesimama, akaikunja, akaenda kumwagilia mboga ambazo mama alikuwa amezimwagilia muda si mrefu.

Nilijifunza kazi kiwandani, leo ni fundi mashine wa kiwanda cha sabuni, na kazi naipenda, msinihurumie. Lakini mwaka 2006 mhandisi mpya wa kiwanda, ambaye alisomeshwa na baba na ambaye leo ni bosi wangu na amekaa pale safu ya pili, alinisimulia huku nimeshika spana jinsi Mwalimu Penseli alivyowakazania wachague somo moja la kuwatoa jasho na jingine la kuwachafua mikono, kwa sababu aliwahi kumwona mtoto mwenye akili sana akikosa chuo kwa kunyimwa karakana. Bosi hakujua anamsimulia nani. Nilimaliza kufunga boliti zangu, nikaenda chooni kulia.

Baba alistaafu tarehe 30 Juni 2009. Mwezi Agosti 2022 alipata kiharusi, upande wa kulia ukakataa, nikahamia kwake, nikamuogesha, nikamlisha na kumgeuza kwa miezi kumi na minne, nikitoka zamu ya kiwanda naingia zamu ya baba. Jumatatu tarehe 16 Oktoba 2023, saa kumi jioni, nikibadilisha shuka, aliniuliza, kwa ulimi ule mzito, kama ile fomu ilinivunja moyo. Miaka ishirini na saba nilikuwa nasubiri swali hilo, na lilipokuja nilikuwa nimechoka mno, nikamwambia Baba, kunywa supu kwanza, tutaongea kesho. Kesho yake saa tano asubuhi, nikiwa kazini, alifariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya tatu waliomtibu alipopata kiharusi, jirani wa mlango wa pili aliyekuwa akikaa naye nikiwa kazini na ndiye aliyemfumba macho, walimu wenzake, na ninyi wahandisi mliokuja wengi kiasi hiki, mkasimamisha na turubai wenyewe, ingawa nguzo ile ya kushoto imelegea, mtu aiangalie.

Na sasa Baba, ile kesho imefika. Ndiyo, ilinivunja moyo, na nilikukasirikia kwa miaka mingi. Nilikusamehe kitambo, kabla hujaugua, nikiwa napanga nguo zako siku moja ya kawaida tu, na sikukwambia kwa sababu nilitaka uniulize wewe kwanza. Hilo ni kosa langu, nawe utanisamehe. Lala salama, mwalimu wetu, umepumzika, nami naomba mniruhusu nikakae chini.