Jared Kadenge Masha na Ndege ya Rubani Asiyerudi

Nilipokuwa na miaka saba nilimuuliza Babu, "Mbona ndege yako haina injini?" Alikuwa juu ya ngazi uani kwetu Bondeni, Mombasa, ribiti za kushikizia bati zimemjaa mdomoni. Alinitazama, akaitazama pua ya ndege, akaendelea kugonga. Bibi akaniambia nisimsumbue mtu kazini. Leo familia imeniomba niwasomee wasifu wake. Nitausoma kama tulivyouandika na Bibi, pamoja na yale ambayo wengi wenu mmekuwa mkiyasikia nusunusu.

Marehemu Jared Kadenge Masha alizaliwa tarehe 9 Agosti 1949 hapa Rabai, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Masha na marehemu Mejumaa. Alibatizwa akiwa mchanga, na inasemekana alilia ibada nzima mpaka mchungaji akafupisha mahubiri.

Alisoma shule ya msingi hapa Rabai kuanzia 1957 hadi 1964, kisha akavuka kwenda kisiwani Mombasa kujiunga na shule ya ufundi, alikojifunza kazi ya bati. Likizo ya kwanza alimletea mama yake sufuria aliyoiunda mwenyewe. Kifuniko kilikaza hivi kwamba wali ulipoiva walihitajika watu wawili kukitoa. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, chakula hiki umekipika au umekifunga jela?" Sufuria hiyo bado ipo jikoni, na kifuniko bado kinakaza.

Hapa inabidi tumtaje baba yake, kwa sababu maisha ya Babu hayaeleweki bila yeye. Wakati wa Vita vya Pili, Mzee Masha alikuwa kibarua katika uwanja wa ndege wa Port Reitz. Kazi yake ilikuwa kuwafunga marubani mikanda na kuondoa vizuizi vya magurudumu. Asubuhi moja ya mwaka 1943 alimfunga kijana mmoja wa Kiingereza mwenye madoadoa usoni, kwenye ndege ya kivita aina ya Hurricane yenye kiti kimoja. Kijana akamwambia akaze zaidi. Akakaza. Ndege ikaelekea baharini na haikurudi. Ilitafutwa, kisha wakaacha kuitafuta. Jina la yule kijana Mzee Masha hakuwahi kuambiwa. Vibarua hawakuambiwa majina.

Tangu siku hiyo, kila ndege ilipopita juu ya nyumba, Mzee Masha aliacha alichokuwa akifanya, akatoka nje, akatazama juu. Kisha alisema, "Si yeye," akarudi kula. Watoto wake walikua wakidhani kila baba hufanya hivyo. Na usingizini kijana alimjia. Alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika, akifungua mdomo bila sauti kutoka.

Sisi Warabai tunajua maiti anapokujia hivyo anataka kitu. Mara nyingi anataka koma, kile kigingi cha mti kinachosimamishwa ili marehemu apate kukaa nyumbani kwake. Mzee Masha aliomba amsimamishie kijana koma. Wazee wakakataa. Mgeni asiye na ukoo, hajulikani baba yake ni nani, atakalishwa katikati ya nani? Mzee Masha alifariki Oktoba 1971. Siku zake za mwisho alimshika Babu mkono akamwambia, "Labda yuwataka ndege yake. Mjengee."

Babu alikuwa ameajiriwa tangu 1968 kama fundi wa bati katika karakana ya kutengeneza meli kule Mbaraki, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2004. Wenzake mlio hapa leo mtakumbuka kwamba hakupenda kelele, na kwamba chai yake aliitia chumvi kidogo bila kueleza sababu.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na Bibi yetu, Dama. Bibi anasema alipoingia nyumba ya Bondeni kama bibi arusi alikuta uani mbavu za chuma kubwa kuliko chumba cha kulala. Akauliza, "Hiki ni nini?" Babu akajibu, "Ni cha mgeni wa baba." Bibi akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Ndoto zilikuwa zimeshahamia kwa mumewe.

Babu alijenga ndege nne, zote ukubwa ule ule wa ile iliyopotea, bawa hadi bawa. Ya kwanza aliifanya kwa boriti na mabati makuukuu. Alipoona imekaa kama jahazi lililopigwa teke, akaibomoa. Ya pili waliichukua watu wa sinema mwaka 1994, wakaichoma mbele ya kamera kama walivyokubaliana. Wiki hiyo kijana alimjia Babu akinuka moshi. Ya tatu ikanunuliwa na hoteli moja ya Pwani Kusini, watoto wakawa wanaipanda baada ya kuogelea. Kijana akaendelea kuja, vilevile ameloa.

Majirani walimtania sana. Mzee Shukri wa nyumba ya pili kila jioni alipiga hodi na kuuliza, "Bwana Jared, ndege ishapata viza?" Babu alimjibu, "Imepata, Bwana Shukri, lakini jina lako halimo." Bibi alitania na kuchoka kwa pamoja. "Mgeni gani huyu," alikuwa akisema, "hali, halali, wala haondoki?" Hata hivyo, ni yeye aliyeshona kitambaa cha marekani cha kufunika nusu ya nyuma ya ndege zote, na Babu akakipaka rangi mpaka kikakaza kama ngozi ya ngoma.

Ndege ya nne aliianza mwaka 2016. Mwili aliujengea uani na mabawa akayajengea juu ya paa. Hiyo ndiyo niliyoiulizia mimi. Babu aliijenga kwa subira, hana haraka, mpaka mwaka 2019, pale Mjomba Bramwel, mwanawe Babu, alipokuwa akila kwetu Jumapili. Ndege ya abiria ikapita kuelekea uwanjani. Mjomba akaweka kijiko chini, akatoka nje, akatazama juu, akasema, "Si yeye."

Hakuna aliyemfundisha. Mzee Masha alikufa Mjomba hajazaliwa.

Babu hakumaliza chakula. Bibi anasema siku hiyo ndipo alipomwona mumewe akiogopa kwa mara ya kwanza. Alimwambia, "Mama Emmah, nikifa kabla huyu hajaondoka, atahamia kwa mtoto." Kuanzia hapo alifanya kazi mchana kutwa, na mikanda ya kiti akaiacha wazi, haikufungwa.

Ilipokwisha, Agosti 2021, Babu aliamua kuileta hapa Rabai. Gari kubwa haliingii kwenye kichochoro chetu, hivyo mwili aliutoa vipande vipande kwa mkokoteni, kisha akawaita mahamali wa soko la Marikiti wabebe mabawa hadi barabarani. Bibi aliyafunga kwa marekani nyeupe yasikwaruzwe. Mahamali wakaliinua la kwanza mabegani, Babu akatangulia mbele, kimya, maana kichochoro ni chembamba na alikuwa akitazama kona.

Watu walikuwa wanatoka msikitini baada ya alasiri. Wakaona kitu kirefu kimefunikwa sanda nyeupe, kimebebwa mabegani, mzee mbele ameinamisha kichwa. Wa barazani wakasimama. Wa dukani wakaacha mizani. Mmoja akaingiza bega, akatembea hatua chache, akampisha mwingine, kama maiti anavyobebwa hapa mjini. Wengine wakaanza kusoma dua. Mahamali walitazamana, wakaogopa kusema.

Mzee Shukri alipopata zamu yake chini ya bawa alimsogelea Babu na kumnong'oneza, "Pole, Bwana Jared. Maiti ni nani?"

Babu angeweza kucheka. Mimi nilikuwa nyuma, nilidhani atacheka. Akasema, "Ni rubani. Alipotea baharini wakati wa vita."

"Jina lake?"

"Hatukuambiwa."

Mzee Shukri akatazama juu ya bega lake, akaona hasa alichokuwa amebeba. Tulingoja alitue. Akasema, "Basi na tumfikishe." Wakalifikisha, kisha wakarudi kulichukua la pili, safari hii wakijua.

Hapa Rabai, Mzee Mwaringa, mkubwa wa ukoo wetu, alikuwa amesimama njiani na fimbo. "Kadenge, nilimkatalia baba yako," akasema. "Mgeni hawekwi na koma zetu." Babu akamweleza yaliyotokea Bondeni. Mzee Mwaringa akauliza, "Alibebwa mabegani?"

"Alibebwa."

"Na watu wasiomjua?"

"Ndiyo, na dua wakamsomea."

Mzee akaondoa fimbo njiani. Kisha akasema, "Maiti akishabebwa na watu si mgeni tena. Mpitisheni." Ndege ndiyo hiyo mnayoiona nyuma yenu, karibu na koma, magurudumu yamezikwa nusu ardhini. Wageni wetu mliokuwa mkijiuliza tangu asubuhi, sasa mmejua. Tunaomba watoto wasiipande.

Mwaka 2023 Babu aligunduliwa kuwa na maradhi ya mapafu. Alitibiwa katika hospitali moja mjini Mombasa, na familia inawashukuru madaktari, wauguzi na waumini waliomtembelea. Mwezi wa mwisho alipenda kupelekwa Mama Ngina, kando ya bahari, kupunga upepo. Aliketi kwenye gari akila mihogo ya kukaanga ambayo daktari alikataza, akitazama maji. Alifariki Ijumaa tarehe 14 Machi 2025, asubuhi, Bibi akiwa kando yake.

Ameacha mjane, Dama; watoto, Emmah, Bramwel na Ronny; na wajukuu, Sheryl, Mwanaesha, Dishon na mimi, Ketty. Mjomba Bramwel ameniomba niseme kwamba hajaota chochote tangu Agosti ile, na kwamba anaposikia ndege bado hutoka nje. Hasemi kitu, ila hutoka.

Mwenyezi Mungu ampokee Babu, ampe usingizi usio na anayebisha mlangoni.

Wiki moja kabla hajatuacha nilikuwa zamu ya kumlisha uji. Nilimuuliza tena kwa nini hakutia injini, maana fundi kama yeye asingeshindwa kuipata. Alimeza uji polepole.

"Mke wangu," akasema, maana ndivyo alivyotuita wajukuu wa kike, "baba na mimi tulikosea miaka mingi. Tulidhani yule kijana anataka kuruka. Alikuwa ameruka vya kutosha. Alikuwa akiomba pa kutua."