Mchele Mpya wa Bunma

Kwenye kibanda cha kahawa cha Saithong, hapa kijijini Ban Huai Son, benchi lina wenyewe. Bonge hukaa karibu na ukuta, Chura hukaa kati ili asipitwe na neno, na Bunma hukaa mwishoni, mguu kaunyoosha, maana magoti yanamsumbua tangu mwaka juzi. Jana wapimaji waliokuja kukata mpunga wake walimletea majibu. Mpunga wake una kadimiamu, ile sumu inayoteremka na kijito kutoka kwenye mgodi uliofungwa mlimani. Mpunga-mwitu wa ukingoni mwa shamba, unaokunywa maji yaleyale, punje zake ni safi. Sumu yote umeizuia mizizini. Bunma hakupata usingizi. Mkwewe ana mimba, mjukuu wa kwanza huyo, na ghalani mna mchele mpya tele. Alitaka wenzake wamwambie: uliwe au usiliwe?

— Wa mwitu hauna adabu, — Bonge alianza. — Ukiletewa kitu unakikagua kwanza. Huu wetu tumeudekeza kwa mbolea, unameza chochote.

— Wee Bonge, acha hizo! — Chura akadakia. — Wa mwitu unatema. Usiku wote watu wakilala, wenyewe unatema tu.

— Umeuona ukitema?

— Nani kasema mimi naamka usiku?

Saithong akacheka huku akichuja kahawa. Bunma hakucheka.

— Jamani, nauliza wa kwangu mimi. Uliwe?

— Uliwe, kwani una nini? — Bonge akasema. — Mpunga unamjua mwenyewe. Ulipoona wageni wanaukata, ukasukuma sumu kwenye punje kwa hasira. Ukikata wewe, haufanyi hivyo.

— Hapo umesema kweli, — Chura akamuunga mkono. — Halafu sikia, Bunma. Sisi tumekunywa kijito hiki toka utotoni. Tumeshakuwa kama ule wa mwitu. Sumu tunaizuia chini, haipandi. Magoti yako yanauma?

— Yananiua, ndugu yangu.

— Basi! Imefika hapo, imezuiwa!

Bunma aliyatazama magoti yake, akajisikia nafuu kidogo. Akanywa kahawa yake.

Duangta, mkwewe, akatokea barabarani, tumbo mbele. Alikuwa ameolewa hapa kutoka ng'ambo ya mlima, na kibandani hakuwahi kufika. Akawaamkia wote, viganja vimekutana kifuani.

— Baba, nimekuja kuuliza. Leo jioni niloweke mchele upi wa kupika?

— Loweka wetu, mwanangu. Wenzangu hawa wamenieleza vizuri, hauna neno.

Duangta akamgeukia Bonge kwa heshima zote.

— Ba mkubwa, nyumbani kwako jana mliloweka upi?

Bonge akainua kikombe. Kilikuwa kitupu, lakini alikinywa.

— Na kwako, ba mdogo?

— Mimi... — Chura akajikuna shingo. — Mambo ya jikoni anayajua mke wangu.

— Mkeo ananunua dukani, — Saithong akasema bila kugeuka. — Na wa Bonge pia. Toka mwaka juzi nakutana nao huko, nami nanunua hukohuko. Mavuno yao yanaenda kwa mnunuzi.

Bunma aliwatazama mmoja mmoja. Watu aliokunywa nao kahawa maisha yake yote! Aliona aibu, halafu uchungu.

— Chura, na wewe magoti yanakuuma?

Chura akayafunika magoti yake kwa viganja. Bonge akainamisha buli la chai lililokuwa benchini. Halikutoa hata tone.

— Nunua wa dukani, mwanangu, — Bunma akasema.

— Na wa kula wewe, baba?

— Na wangu.

Akajaribu kusimama, akashindwa. Bonge na Chura wakanyoosha mikono kwa pamoja, lakini Bunma akashika mkono wa Duangta.