Kumpandisha Shangazi

Ukitoka gereji ya Spana ukapinda kushoto, utawakuta wazee wa kijiwe wamekaa juu ya tela. Watu husema wamekaa kwenye benchi, lakini hayo ni mazoea tu. Ni tela la Randa, seremala, lililopasukiwa tairi hapo kona miaka mingi iliyopita likaachwa "mpaka kesho." Kesho haikufika. Magurudumu yakazama, majani yakaota kwenye rimu, Mama Birika akaja na jiko lake la kahawa, na maneno yakaanza. Pembeni husimama gari lililokuwa likilivuta, pikapu kuukuu iliyopauka rangi, jina lake Shangazi, kwa sababu hakuna harusi wala msiba aliokosa, na kote alikuwa wa mwisho kuondoka. Siku hizo kijiwe kilikuwa na hoja moja: Shangazi apandishwe juu au asipandishwe? Randa anahamia kwao mlimani kwa dada yake mkubwa, aliyemlea, ambaye sasa macho yamemwisha na yuko peke yake. Njia ya huko ni mawe matupu. Ni lazima Shangazi ainuliwe asikwaruze tumbo, na bado aweze kuvuta tela likiwa na mashine zote za useremala. Kazi alipewa Spana. Jibu Spana alikuwa nalo tangu mwanzo, ila alikuwa amelikalia.

— Springi zimefika? Randa aliuliza, kama alivyouliza jana na juzi.

— Bado, alisema Spana, macho kwenye kikombe. — Wanasema ziko njiani.

— Hata zikifika, mimi siafiki! alidakia Redio, mtu ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli lakini kila kitu amekisikia mahali. — Ukimpandisha Shangazi, umepandisha na ndoano ya nyuma inayoshika tela. Tela litabaki linaangalia mbinguni. Wahenga walishasema, aliye juu mngoje chini.

— Walisema hivyo kuhusu tela? Mama Birika aliuliza.

— Walisema kuhusu kila kitu.

Spana alificha uso kwenye kikombe. Ajabu ni kwamba safari hii Redio alikuwa ameugusa ukweli, kwa bahati mbaya. Gari likipanda, pua ya tela nayo hupanda, mzigo unakimbilia mkiani, na mkia ukianza kucheza barabarani hata dereva hodari anakumbuka dhambi zake. Dawa yake ni ndogo. Unaishusha ndoano kwa kadiri ile ile gari lilivyopanda, tela linakaa sawa. Unaweka springi ngumu, mpira wa breki mrefu kidogo, unainamisha taa zisiwapofushe watu, basi. Ni kazi ya siku moja, na mchana umekula na kupumzika. Lakini angeyasema hayo, kungebaki nini cha kubishania?

— Shida siyo ndoano, shida ni miguu, alisema Kocha, aliyeifundisha timu ya mtaa kwa misimu mingi na kushinda mechi moja, ambayo wapinzani hawakutokea. — Gari ni mchezaji. Mchezaji akiwa mrefu sana hana mizani. Mnamkumbuka yule beki wetu?

— Twiga?

— Huyo huyo. Ukimgusa bega, chali. Mnataka Shangazi awe Twiga? Halafu uzee wote ule, ndiyo mnamfundisha kusimama upya? Samaki mkunje angali mbichi!

— Nani anakunja samaki hapa? Randa alicheka. — Kocha, umesahau timu yako nzima ilipanda kwenye tela, na mlima Shangazi akaupanda?

— Siku ile tuliyofungwa saba, alisema Redio.

— Sita. Moja lilikuwa la kuotea.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Spana alicheka nao. Siku ile aliikumbuka yote. Mvua ilikuwa inanyesha, vijana wanaimba kwenye tela kana kwamba wao ndio walioshinda, Shangazi anatoa moshi kwa gia ya kwanza. Randa alikuwa kwenye usukani, kichwa kimejaa nywele. Yeye Spana alikuwa akikimbia nyuma na jiwe mkononi, tayari kuzuia gurudumu gari likirudi. Halikurudi hata hatua moja. Aliwahi kuwa na furaha kubwa zaidi ya ile? Hakumbuki.

— Kitanda changu cha harusi kilikuja na tela, alisema Kocha, sauti imeshuka. — Randa alikipiga vanishi usiku, asubuhi hakijakauka. Mpaka leo kina alama za vidole vyako, Spana.

— Na mimi nilihamia mtaa huu na tela, alisema Mama Birika. — Vyungu, watoto na marehemu mume wangu akiwa mgonjwa. Shangazi alitembea polepole kama anayebeba mayai. Sijasahau.

Redio akairudisha hoja.

— Mimi nimesikia gari likiinuliwa sana, upepo unaingia chini. Na upepo ukiingia chini, ndiyo ndege inavyopaa!

— Shangazi apae?

— Nasema nimesikia.

— Basi apande kinyumenyume! Kocha alisimama na kuonyesha kwa makalio. — Tela litangulie, gari lisukume. Gari likikwama matopeni, tunavuta au tunasukuma?

— Tunasukuma.

— Mmeona?

— Rahisi zaidi, alisema Redio, — gari tuliache lilivyo, tuishushe njia. Kila mtu aje na nyundo, tuvunje mawe. Haba na haba hujaza kibaba.

— Mlima mzima, Redio?

— Kwani una haraka ya nini?

Swali hilo lilitoka bila mzaha. Randa alizungusha kikombe.

— Au dada yako aletwe huku, alisema Kocha taratibu. — Sisi si tupo?

— Nilimwomba. Unajua alinijibu nini? "Mdogo wangu, nyumba hii naiona kwa mikono. Mlango naujua, kisima nakijua. Kipofu nitakuwa huko kwenu." Randa aliweka kikombe chini. — Ndiye aliyenibeba mgongoni, jamani. Nimwambie asubiri nini?

Hakuna aliyethubutu kumtupia methali. Spana alijua sasa ndiyo zamu yake ya kusema kweli, na kilichomtoka mdomoni kikawa kingine.

— Kuna na propela pia. Gari likipanda, propela, kile chuma kinachozungusha magurudumu ya nyuma, inakaa mshazari. Inaweza kutikisika. Inabidi nipime upya. Labda mwezi ujao.

— Mwezi ujao mvua, alisema Randa, akimtazama bila hasira.

Ndipo akaja binti mmoja, mpangaji mpya wa nyumba ya nyuma, amebeba kiti kilichovunjika mguu.

— Shikamooni. Nimeambiwa seremala hukaa hapa kwenye benchi.

— Marahaba. Seremala ndiye huyo, alisema Mama Birika. — Ila siyo benchi, mwanangu. Hilo ni tela lake. Gari likishatengenezwa linalivuta, anahamia kwao.

Binti aliangalia gari, akaangalia tela, akawaangalia wazee waliopangana juu yake.

— Sasa likiondoka, nyie mtakaa wapi?

Kocha aliitazama mbao aliyokalia.

— Seremala si yupo, Redio alisema. — Atatutengenezea benchi.

— Seremala si ndiye anayeondoka? alisema Mama Birika.

Spana aliingiza mkono mfukoni akatoa tepu. Ilikuwa humo siku zote hizo.

— Inukeni.

— Tuinuke twende wapi?

— Inukeni tu. Siwezi kupima ndoano na nyie mmekaa juu.

Wakainuka, mmoja mmoja, wakishikana mabega. Tela likaguna, halafu polepole nalo likainuka, springi zake zikijinyoosha baada ya miaka yote ya kuwabeba.

— Bado zipo hai, alisema Kocha.

Spana alipiga goti. Alipima kutoka chini hadi puani, akaongeza kwa hesabu ya kichwa kimo cha tairi mpya za tela, akaandika kiganjani.

— Kesho asubuhi mlete Shangazi, alisema bila kuinua uso.

— Na springi?

— Zipo. Zilifika mwezi uliopita.

— Najua, alisema Randa. — Niliziona chini ya turubai. Nilikuwa nauliza tu.

Mama Birika alilibinua birika mpaka tone la mwisho, akagawa kidogo kidogo kwa wote, na mgeni naye akapewa. Tela lilikuwa tupu mbele yao na hakuna aliyerudi kukaa. Kahawa ile waliinywa wamesimama.