Lameck Matonya, Nahodha Wetu wa Mtera, Akabidhi Boti

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Mzee Lameck Matonya anastaafu baada ya kukitumikia kitengo chetu cha utafiti wa samaki kwa miaka ishirini na tisa, karibu yote akiwa nahodha wa boti ndogo katika bwawa la Mtera. Wageni wanaofika ofisini kwetu Makole huuliza nahodha anafanya nini Dodoma. Yeye huwajibu kwamba Dodoma ina maji, ila yanataka kufuatwa.

Alizaliwa Kibakwe, milimani, kwenye vijito vya kuvuka kwa mguu. Aliajiriwa kama dereva wa gari, akaombwa ashike boti kwa wiki chache nahodha alipougua malaria. Nahodha alipona, akaomba apewe gari. Lameck akabaki na boti, na kuogelea akajifunza hukohuko kazini.

Mtera si bwawa la kuchezea. Chini yake umelala msitu mzima, na visiki vyake havina huruma na boti. Mzee Lameck alivikwepa kwa kutazama vilima na miti mikavu iliyosimama majini. Kila mkuu aliyependekeza tununue kifaa cha kutafutia samaki chenye GPS alipewa jibu lilelile: "Kichwa changu hakitaki betri." Na kichwa hicho kilitufikisha na kuturudisha miaka mingi.

Kisha ukaja mwaka wa mvua nyingi. Maji yalipanda, yakaimeza miti aliyoizoea. Asubuhi moja tulikwenda kukagua nyavu, yeye na mimi, Hana, ninayeandika haya. Upepo ukainua vumbi, vilima vikapotea. Alipunguza mwendo. Tukasikia kishindo cha kisiki, pangaboi la injini likavunjika, na boti ikaanza kuchukuliwa taratibu kuelekea kwenye matete wanakoshinda viboko. Nilimtazama. Alikuwa ameshika kasia, lakini hakujua apige kuelekea wapi. Sikuwahi kumwona hivyo. Kiboko mmoja aliinua kichwa, akapuliza maji, akazama tena akiwa ametuelekea.

Aliyetuokoa ni Habibu, mvuvi wa Migoli, ng'ambo ya bwawa upande wa Iringa, aliyesikia filimbi yangu. Alitufunga kamba akatuvuta, macho yake kwenye kioo kidogo cha kifaa cha GPS kilichofungwa botini mwake.

"Shikamoo, Mzee Lameck."

"Marahaba. Hapa ni wapi?"

"Ni palepale unapopajua," Habibu akasema. "Maji tu ndiyo mageni."

Tukiwa njiani kurudi mjini tulisimama Chipogolo kunywa chai. "Ningekuzamisha, Hana," akasema. Nikamwambia hatukuzama. Akatikisa kichwa. "Hilo ni la Habibu, si langu."

Jumatatu iliyofuata alikuwa dukani kwa Mehjabin, anayeuza pampu, nyavu na vifaa vya boti katikati ya mji. Mkuu wetu wa kitengo, Bwana Batholomeo, alikuwa amekwisha kukipenda kifaa kimoja chenye kioo kama televisheni. Mzee Lameck akaomba hicho na kingine kidogo viwashwe nje juani, na aletewe ndoo ya maji. Wapita njia wakakusanyika kutazama.

"Mzee, kwenye ndoo hamna samaki," Mehjabin akamwambia kwa upole.

"Naona, mwanangu. Nataka kujua mkono wenye maji utafanya nini."

Kioo kikubwa kilikuwa cha kugusa. Matone yakakichanganya, kikawa kinafungua mambo ambayo hakuna aliyeyaomba, na jua la saa sita likakifanya cheusi. Kidogo kilikuwa na vitufe, na kilisomeka. Kisha Mzee akataka kuona ramani. Kile kikubwa kilikuwa na bahari za dunia nzima, lakini kwa Mtera kilionyesha nchi kavu. Kidogo hakikuwa na ramani yoyote. Kilichora yake kadiri boti inavyopita na kupima kina, na kiliweka alama popote ukitaka.

Bwana Batholomeo alikitazama kile kikubwa kwa mara ya mwisho. "Kwa hiyo tununue kisichojua kitu?"

"Tununue kinachokubali kufundishwa," Mzee Lameck akajibu.

Mehjabin akatushauri tukipe betri yake ya peke yake, na kihisi chake cha majini tukifunge mbali na pangaboi ili mapovu yasikivuruge. Tukafuata.

Naye alikifundisha kweli. Msimu mzima alizunguka bwawa polepole, akiweka alama kila penye kisiki. Kile kilichotuvunja akakipa jina Lameck. Alama zote akawagawia wavuvi wa pande zote mbili, Habibu akiwa wa kwanza. Si kwamba waliacha kubishana, yeye na kifaa. Kikionyesha kundi la perege mahali asipopaamini, husema kinaota, kisha hutega nyavu palepale.

Wiki iliyopita, kwa mara ya kwanza, Mzee Lameck aliendeshwa. Erica, nahodha mpya ambaye amekuwa akimfundisha, alishika injini, na Mzee akakaa mbele tunapokaa sisi abiria, kofia magotini. Tulidhani ataelekeza njia nzima. Alielekeza mara moja tu, tulipokuwa tukitoka mwaloni, boti zinapoegeshwa. Tulipofika katikati, kwenye visiki vingi kuliko kote, Erica aligeuka amuulize jambo, akamkuta amelala.

Hakumwamsha. Alipunguza mwendo kidogo, akaendelea.

Asante, Mzee Lameck, kwa kila siku uliyoturudisha nchi kavu. Nenda Kibakwe ukalime vitunguu vyako pamoja na mama, ukiwa na afya na wajukuu karibu. Sisi tuliobaki majini tunakuombea usingizi mwingi kama ule.

Hana, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako