Mwalimu Philomena Okumu na Mgomo wa Shikamoo

Mwalimu Philomena Akech Okumu anastaafu leo, tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na saba ya utumishi. Kumi na minane kati ya hiyo ametumikia hapa Sekondari ya Kegamunti, akifundisha Historia katika darasa la mwisho, lile linalovuja upande wa ubao. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Steven Machage, mwalimu wa Hisabati, kazi ya kuandika wasifu wake, nadhani kwa matumaini kwamba nitakuwa mfupi. Nitajaribu, lakini kuna jambo moja sitalikatisha.

Mwalimu alianza kazi mwaka 1988 katika shule ya msingi kata ya Kenyamonta, wilayani Serengeti. Alikuwa binti wa Kijaluo mwenye miaka ishirini na mitatu, kutoka familia ya wakulima na wachuuzi wa samaki ambayo nusu yake iko ng'ambo ya mpaka, Migori. Watoto wa darasa la tatu ndio waliomfundisha Kingoreme, lugha ya huko. Alijiendeleza, akapata stashahada, na mwaka 2007 akahamishiwa hapa kwetu, kata ya Susuni, shule ikiwa na madarasa mawili na mkuu asiye na kiti. Siku ya kwanza alisimama mbele ya wazazi akawasalimia kwa Kingoreme, akidhani ni Kikurya, lugha ya hapa. Lugha hizi ni majirani, kwa hiyo wazazi walimwelewa, ila walicheka hadi kikao kikachelewa kuanza. Yeye alicheka nao, na tangu siku hiyo hakukosa watu wa kumkaribisha ugali.

Wanaomfahamu kwa mbali husema alifundisha migomo. Si kweli, na naomba niliweke sawa. Alifundisha Historia kama ilivyo kwenye mtaala, ila alipofika mahali ambapo watu walibadilisha mambo bila kumwaga damu, alipunguza mwendo. Wanafunzi wetu wengi ni wajukuu wa askari na wanapenda vita. Mada ya Majimaji haiwachoshi. Hakuwakatalia. Aliwaacha wapigane kwa midomo mpaka watosheke, halafu akawauliza waliobaki hai walikula nini mwaka uliofuata. Ndipo alipowapeleka kwa makuli wa bandari ya Dar es Salaam waliogoma mwaka 1947, na swali lake la kwanza halikuwa nani aliwaongoza. Aliuliza nani aliwapikia siku zote walizokaa bila ujira.

Alitaka kila mtu aonje anachofundishwa. Alipofundisha habari za watu weusi wa Montgomery, Marekani, waliokataa mabasi yaliyowabagua wakatembea kwa miguu zaidi ya mwaka mzima, aliwaomba wanafunzi wanaokuja kwa bodaboda watembee wiki moja. Na yeye akatembea. Jumatano alikuwa anachechemea. Alhamisi madereva wa bodaboda wa senta walifika shuleni wamefura, wakimuuliza mkuu wamekosa nini mpaka wateja wao wazuiwe. Mwalimu Philomena aliwaingiza wote Kidato cha Tatu, akawaomba waeleze jinsi inavyouma. Walieleza vizuri sana. Mmoja alirudi wiki iliyofuata kusikiliza mada ilivyoishia.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka 2014 shule haikuwa na maji. Kila mchana, kengele ya kipindi cha sita ikigonga, wasichana walitumwa mtoni kuchota maji ya shule na ya nyumba za walimu. Wavulana waliendelea kusoma. Wasichana walirudi kipindi cha nane, sketi zimelowa, wakanakili madaftari ya wenzao. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aitwaye Mokami Waitara alikwenda mara kadhaa kwa mkuu wa shule wa wakati huo kulalamika, akajibiwa kwamba maji hayajichoti yenyewe. Baadhi ya wavulana wakataka kurusha mawe kwenye bati la ofisi. Mokami aliwakatalia. Historia alikuwa ameishika, hata ile aliyoinakili.

Jumatatu asubuhi tuliingia madarasani tukakuta kimya. Wanafunzi walisimama kama kawaida, wakatutazama, wakakaa. Hakuna aliyesema shikamoo. Walifagia, waliandika, walijibu maswali, na kazi za nyumbani walikuwa wamezifanya vizuri kuliko siku zote. Salamu tu ndiyo haikuwepo. Anayejua malezi ya huku ataelewa tulivyojisikia. Nilipita katikati ya watoto niliowafundisha tangu Kidato cha Kwanza nikajiona kama mpita njia. Mkuu wa shule alisema wazi kwamba afadhali wangevunja vioo, maana vioo vinanunuliwa.

Lakini kuna mahali walikosea, na kosa lile lingefanywa na watoto wa hapa tu, waliokuzwa wakijua kwamba mkubwa ni mkubwa, huwezi kumwamkia huyu ukamruka yule. Basi waliwaruka wote. Walimpita Mama Agustina, mpishi wetu wa uji, akiwa ameshawajazia vikombe. Alikwenda nyuma ya jiko akalia. Walimpita mlinzi. Njiani waliwapita wazee. Kufikia Jumanne, wazazi wale wale ambao wangeuliza kwa nini mabinti zao wanakosa masomo walikuwa wanatafuta fimbo.

Mwalimu Philomena hakuwa ameshirikishwa. Mchana huo aliwafuata darasani, akakaa kwenye dawati katikati yao, na hakuwaambia waache. Nilikuwa dirishani nikasikia. Alimuuliza Mokami, "Mama Agustina amewahi kukutuma mtoni?"

"Hapana, mwalimu."

"Na leo mtoni mmekwenda?"

"Tumekwenda."

"Aah. Kwa hiyo shikamoo mmeacha, ndoo mmebeba."

Darasa zima lilicheka kwa aibu. Akatoka. Mokami aliondoka nyuma yake, akaenda jikoni kumwomba radhi Mama Agustina, na wenzake wakafuata.

Jumatano salamu zilirudi kwa sauti iliyosikika barabarani. Kipindi cha sita kengele ikagonga, hakuna aliyeinuka. Mkuu wa shule akaja mlangoni mwenyewe. Wote wakasimama, wavulana kwa wasichana: "Shikamoo mwalimu!" Akaitikia marahaba, angefanyaje? Mokami akasema, "Samahani mwalimu, mtoni hatuendi. Tuna kipindi." Wakakaa, wakafungua madaftari. Kipindi kilikuwa changu, nikageukia ubao nikaendelea na milinganyo.

Bodi ya shule iliitwa. Pendekezo lililokuwa mezani lilikuwa kumfukuza Mokami pamoja na wote walioonekana kuwa mstari wa mbele. Mwalimu Philomena aliomba nafasi. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu waache kunong'ona. Alisema watoto hawa hawajavunja kitu, hawajamtukana mtu, na kosa lao la Jumatatu wamelirekebisha wenyewe bila kuchapwa. Kama kukataa kwa adabu ni hatia, basi afukuzwe kwanza aliyewafundisha. Mokami alibaki shuleni. Mabinti hawakutumwa tena mtoni wakati wa masomo, na mwaka uliofuata wazazi walijitolea kujenga tangi la maji ya mvua ambalo wageni wetu wamelipita pale langoni. Mkuu, kwa idhini ya bodi, alimpa Mwalimu Philomena onyo la maandishi kwa kuchochea wanafunzi.

Baada ya hapo alifanya kazi kama vile hakuna kilichotokea. Alianzisha mdahalo wa Ijumaa, ambao sharti lake ni kwamba husemi hoja yako mpaka umeeleza ya mpinzani wako, naye akubali umemwelewa. Mara ya kwanza mdahalo ulikwama saa nzima kwenye hoja moja. Leo watoto wa koo ambazo babu zao walitafutana kwa mapanga hukaa dawati moja wakisaidiana kuelezana. Siku ya wazazi nimeona watu wazima wakilijaribu sharti hilo wakashindwa. Mokami mwenyewe sasa ni muuguzi huko Robanda. Ameomba ruhusa kazini na yuko nasi leo, safu ya tatu.

Ila onyo bado limo kwenye jalada la mwalimu mpaka asubuhi hii. Kila alipopendekezwa kuwa makamu mkuu wa shule, jina lilirudi na sababu ile ile. Mkuu aliyelitoa aliondoka zamani, bodi imebadilika, onyo limebaki. Wakuu wapya walipofika, yeye ndiye aliyewaonyesha ofisi na kuwatambulisha kwa wazazi, kisha akarudi kwenye darasa lake linalovuja.

Sifichi kwamba jambo hili linaniuma. Niliwahi kumuuliza kwa ukali kidogo: wewe unayefundisha watu kudai haki, yako mbona huidai? Hakuinua macho kwenye madaftari aliyokuwa anasahihisha. Alinijibu, "Machage, nikienda peke yangu nitakuwa naomba." Nilidhani ananikwepa. Imenichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa anatusubiri sisi.

Kwa heshima zote, Mwenyekiti wa Bodi, mgeni wetu rasmi: wasifu huu ukisomwa kufikia hapa, utaona walimu wote wa Kegamunti wamesimama mbele ya viti vyao. Hatutapiga kelele wala hatutaharibu sherehe. Chakula kipo, kitatungoja. Tunataka bodi yako ilifute onyo la mwaka 2014, na ututajie, mbele ya mwalimu na wageni hawa, siku ambayo litafutwa. Ukishaitaja tutakaa.

Mwalimu Philomena, hatukukuambia, kwa sababu ungetukataza. Asante kwa watoto wetu uliowatoa mtoni, na kwa kutustahimili sisi tuliochelewa kuelewa somo. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani kwako, na asubuhi nyingi zisizo na kengele. Usiinuke, mwalimu. Leo tunasimama sisi.