Maryanne Wekesa, Pamoja na Ombi Kuhusu Tembe Zake

Mchungaji, wazazi, wakwe, majirani wa Nawoitorong, na nyinyi mliousindikiza mwili kutoka Kakuma, nawasalimu kwa Kiturkana, ejok. Mimi ni Barasa, mdogo wake Morgan mwenye msiba, wengi mnanijua kwa vichekesho vya jukwaani, na ndiyo maana naomba mapema, nikifika kwenye habari ya tembe msicheke, maana chupa ya dawa ya marehemu imetoweka nyumbani kwake wakati wa matanga, aliye nayo yumkini ameketi hapa, na nikimaliza kusoma gari linauchukua mwili kwenda Kimilili, nanyi mtatawanyika, wa Lokichoggio kwao, wa Namoruputh kwao, na hatutampata tena.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Kimilili, akaanza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1971, akaingia sekondari Bungoma 1978, akamaliza 1981, akajifunza kupiga taipu, na mwaka 1985 serikali ikamleta Lodwar, akashuka na sanduku moja lenye sweta mbili, sweta, jamani, Lodwar. Tarehe 20 Disemba 1986 alifunga ndoa na kaka yangu Morgan, afisa wa mifugo, ambaye siku hizo alikuwa mwembamba kiasi kwamba mbuzi ndio waliomkagua yeye, wakajaliwa mtoto mmoja wa kuzaa, Ashley, mwaka 1988, na wengi wa kulisha. Morgan alipohamishiwa Kakuma mwaka 1996, shemeji aliacha taipu akafungua duka la vitambaa karibu na kambi ya wakimbizi, kila mteja akabishana naye kwa lugha ya kwao, naye akawajibu wote kwa Kibukusu, na biashara ikaenda.

Ugonjwa ulianza Agosti 2012, mguu wa kushoto ukavimba, pumzi ikawa fupi, na hapa hospitalini Lodwar Daktari Nanok akaona kwamba damu imeganda mguuni na kipande kimesafiri hadi mapafuni, akampa wafarini, tembe ya kuzuia damu isigande, akimwonya kwamba hii ni dawa ya kutembea nayo juu ya ukuta mwembamba, ikipungua damu inaganda, ikizidi damu haijui kusimama, kwa hiyo kila mwezi alikuja kupimwa damu, na kipimo cha dawa kikarekebishwa kulingana na mwili wake yeye, si wa mtu mwingine.

Sasa mnaijua desturi yetu ya Kakuma, anayepata safari ya ng'ambo haondoki na vitu, anagawa, na Januari mwaka huu jirani yake Nyachuol alipoitwa Australia alimwachia godoro, sufuria, na tembe za tumbo zilizobaki, zile chungu zinazoacha ladha ya msumari mdomoni, alimwachia kwa upendo kabisa, na mtu asimtupie lawama mtoto wa watu. Mwezi wa Mei tumbo likamwendesha shemeji, nikamwambia aende hospitali, akanijibu, kwa tumbo hili, Barasa, nipande gari mpaka Lodwar, nikichafua viti utakuja kuosha wewe, kaa na utani wako, dawa ninayo rafuni.

Mimi nilidhani dawa ya tumbo hukaa tumboni na ya kichwa hupanda kichwani, lakini daktari alinikalisha akaniambia kwamba nyingi ya dawa tunazomeza huingia kwenye damu, nayo damu huzipeleka kila mahali bila kuuliza umekusudia wapi, kisha ini huzivunja zipate kutoka. Basi lifikirieni ini kama kizuizi cha polisi barabara ya Lokichoggio, malori hupita mojamoja, ile dawa chungu ikamshika askari kwa maneno, malori ya wafarini yakapanga foleni, na kila jioni shemeji akaongeza lori jingine, tembe ileile, kipimo kilekile, lakini mwilini kikawa kingi. Tarehe 27 Mei alilalamika kichwa, tukamkimbiza Lodwar, damu ilikuwa imevuja ndani ya ubongo, na tarehe 29 Mei 2013, saa nane mchana, akatuacha, tukamrudisha Kakuma kwa matanga, na leo tumepita naye hapa Lodwar mumuage.

Sasa ndiyo habari ya ile chupa ya wafarini. Jikoni kule Kakuma mama mmoja alisikika akisema, hii ni ya moyo, si hata mimi nina presha, na mwenzake akamjibu, chukua, dada, marehemu hataihitaji. Dada yangu, hiyo haishushi presha. Uliyemeza jana, leo u mzima, unaimba sauti ya kwanza, na hilo ndilo linaloniogopesha, kwa sababu dawa hii haionyeshi nguvu siku ileile, inangoja akiba ya mwili ya kugandisha damu ipungue, ndipo fizi zinatoka damu, choo kinakuwa cheusi, mkojo mwekundu, na kama una vidonda vya tumbo ni balaa, na kama una mimba, Mungu wangu, inavuka mpaka kwa mtoto. Ukiwahi, ipo dawa ya kuirudisha damu katika hali yake. Ukichelewa, tutasoma karatasi nyingine kama hii.

Familia inawashukuru Daktari Nanok na wauguzi, majirani wa Kakuma na Nawoitorong, makarani wenzake wa zamani, na kwaya. Nimemsihi mchungaji jeneza lisipakiwe bado, kwaya iimbe, nasi tupite sote mbele ya marehemu, kapu liko pale chini ya meza limefunikwa kanga, kila mtu atie mkono, hata asiye na kitu, ili mwenye nacho asijulikane, naanza mimi, na aliyekwisha kumeza amfuate daktari, yuko nyuma, shati la kijani, hatauliza jina la mwizi kwa sababu hakuna mwizi hapa.

Pumzika kwa amani, shemeji. Sisi huku bado.